Anayekula kwa Upinde: Vidokezo kwa Mpiga Fidla wa Bariadi

Ukimwambia mtu wa Meatu kwamba unaishi kwa upinde, atadhani unawinda na Wahadzabe kule upande wa Ziwa Eyasi. Upinde wangu mimi haujawahi kuua hata panzi. Umefungwa singa za mkia wa farasi, unapakwa rozini, na kwa miaka kadhaa sasa ndio unaolipa kodi ya chumba changu hapa Bariadi, pamoja na luku na mkaa.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga na Busega ikitoka Mwanza. Una pamba, una ng'ombe, una ngoma zenye mashabiki kama wa Simba na Yanga. Okestra hauna. Kwa hiyo anayepiga fidla huku hangoji kupangiwa kiti mstari wa pili. Anawafuata wanaoimba walipo, na kujipachika hapo. Vidokezo hivi ni vya huyo.

1. Usibishane na jina

Pwani wanasema fidla, makanisani vayolini, stendi nimesikia "kagitaa", na mzee mmoja wa Itilima aliiita zeze. Huyo mzee ndiye aliyekaribia zaidi, maana zeze la Wagogo nalo hukwaruzwa kwa upinde, na Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alilitembeza nchi za mbali kuliko fidla yoyote ya Kitanzania ninayoijua. Usimsahihishe mtu. Fungua kasha, piga ubeti mmoja wa wimbo anaoujua, funga. Kazi zangu tatu za mwaka jana zilianzia kwenye benchi la kusubiri basi.

2. Kabla ya salamu ya pili, uliza doh iko wapi

Aliyesoma muziki kwa mistari mitano hufika kwenye mazoezi ya kwaya akapewa karatasi iliyojaa herufi: d, r, m, f, s, l, t, zenye nukta na vistari, na juu pembeni pameandikwa "Doh ni F". Hiyo ndiyo solfa. Ilitengenezwa Uingereza karne ya 19 na Sarah Glover, John Curwen akaieneza, wamisionari wakaibeba, na hadi leo ndiyo lugha ya kwaya zetu nyingi. Mwanakwaya ambaye hajawahi kuona mistari mitano atakuimbia alto ukurasa mzima bila kuteleza. Wewe mwenye cheti ukikodoa macho, aibu ni yako.

Dawa yake ni wiki mbili za kujifungia ndani. Chukua wimbo unaoujua, kwenye Tenzi za Rohoni au Nyimbo za Kristo, uandike kwa solfa, kisha uupige doh ikiwa D, halafu G, halafu A, mwisho F. D ni rafiki: waya wa D ukiwa wazi ni doh, waya wa A ukiwa wazi ni soh. Ndiyo maana "Haleluya" ya Handel, ambayo kwaya zenye kujiheshimu huitoa Krismasi au Pasaka, hukaa vizuri mkononi. Handel aliiweka kwenye D.

Tatizo ni A fleti. Waya tatu kati ya nne ulizonazo, yaani D, A na E, zote ni wageni kwenye ufunguo huo, na G peke yake haikufikishi popote. Hapo inabidi umwombe mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu, doh wapi?"

"A fleti, kaka."

"Tukipandisha nusu ikawa A, soprano watalia?"

"Hao? Wala hawatajua."

Na kweli hawakujua. Mpiga kinanda alibonyeza mara moja kitufe cha kuhamishia ufunguo, vidole vyake vikabaki palepale, sisi wengine tukapona.

Lakini kitufe hicho kina mtego. Mpiga kinanda aliyekizoea akikuambia "niko C", muulize: C ya vidole au C ya masikio? Mimi sikuuliza. Nilipiga ubeti mzima wa wimbo wa matoleo nusu hatua chini ya kwaya, kanisa limejaa, na wanakwaya wale hadi leo wakiniona sokoni hujishika masikio.

3. Isafirishe kama mtoto mchanga

Kwenye bodaboda kasha linakaa mgongoni, mikanda miwili, wala si juu ya tangi mbele ya dereva. Kwenye basi la Mwanza linalopita Lamadi, usimruhusu konda kuitia fidla kwenye buti. Na usiiweke kwenye boneti la injini pembeni ya dereva, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Ipakate.

Sababu ni gundi. Fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi, na joto huilegeza. Hiyo si kasoro, imefanywa makusudi, ili mbao zikivutana kiungo kiachie kabla ubao haujapasuka. Kiungo kilichoachia hurudishwa kwa gundi ileile na vibanio. Ubao uliopasuka ni msiba wa aina nyingine.

Mwaka wangu wa kwanza huku, ubavu wa fidla yangu uliachia kwa joto la safari. Nikampelekea seremala mmoja, hodari wa vitanda na makabati, akaniambia nisubiri dakika tano. Alitumia supa gluu. Ilishika kweli, tena kwa kiburi, na kiangazi kilichofuata ubao wa juu ulipotaka kusinyaa haukupata pa kuachia, ukapasuka mstari wa urefu wa kidole. Simlaumu. Mimi ndiye niliyempa. Tangu siku hiyo nina sheria: supa gluu ni ya viatu, gundi nyeupe ni ya viti, na ubavu ulioachia unafungwa na kitambaa laini hadi apatikane anayejua, hata ikiwa ni Dar es Salaam au Nairobi.

4. Chaki na sabuni

Kiangazi cha Simiyu, kuanzia Juni hadi upepo wa Septemba, hukausha kila kitu. Vigingi vya kukazia nyuzi husinyaa, vinateleza. Unaanza ibada ukiwa kwenye A, ikifika "Amina" umeshuka G bila kuaga.

Dawa ipo dukani kwa Mangi na darasani. Toa kigingi, kifute, kipitishe kidogo kwenye sabuni ya mche iliyokauka, kisha juu yake upake chaki ya ubaoni. Sabuni ni ili kizunguke, chaki ni ili kishike. Kikiteleza, ongeza chaki. Kikikwama na kulia kama mlango, ongeza sabuni. Wapigaji wa Ulaya walifanya hivyo kabla dawa za viboksi hazijaanza kuuzwa, na sioni sababu ya kuwapita kwa gharama.

Ndani ya kasha, weka kisahani cha sabuni cha plastiki chenye matundu na kitambaa kilicholowekwa kikakamuliwa hadi hakidondoshi tone. Ubao wa fidla hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na chumba chenye bati jipya mwezi wa nane mara nyingi hakifiki hapo. Mvua zikianza, kitoe, la sivyo utafuga ukungu.

Mengine mawili hapohapo, kwa sababu nimeyaona yakiharibu vyombo vizuri. Kila unapokaza nyuzi, kidaraja kinavutwa kuelekea shingoni. Kitazame kwa ubavu kila asubuhi, na kikiwa kimeinama kirudishe taratibu kwa vidole viwili kabla hakijapinda kama mgongo wa fisi. Na ukibadili nyuzi, badili mmoja mmoja. Ukizitoa zote, kile kijiti kilichosimama ndani kati ya ubao wa juu na wa chini kinaweza kuanguka, nacho hakijagundishwa, kinashikiliwa na mkazo tu. Wafaransa hukiita roho. Ukikisikia kinagongagonga ndani, legeza nyuzi, funga kasha, na usiruhusu mtu akuambie "hebu ipige tu tuone".

5. Waya wa E mfukoni, daima

Ndio mwembamba, ndio unaokatika kwanza, na Bariadi hauuzwi. Uagize Mwanza au Dar kwa mabasi, nunua tatu. Zilizochakaa usizitupe: waya wa zamani unaolia vibaya ni bora kuliko nafasi tupu. Okestra ya kanisa la Wakimbangu, Kinshasa, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, ilipoanza ilikuwa na fidla za kugawana zamu, na nyuzi zilipokatika walifunga waya za breki za baiskeli. Siku moja utajaribiwa kufanya hivyo. Jua tu kwamba wenzako wameshafika huko na bado wakapiga Beethoven.

6. Kalenda yako ni ya pamba

Sahau msimu wa matamasha unaosoma vitabuni. Hapa pamba hupandwa Novemba na Desemba, ununuzi hufunguliwa mwezi wa tano, na pesa ikishapita chama cha ushirika, AMCOS, ikafika mkononi, watu wanaoa. Kuanzia Juni hadi Septemba nina Jumamosi zisizotosha. Agosti kuna Nane Nane viwanja vya Nyakabindi, ambako maonyesho ya kitaifa yalifanyika miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, na mahali penye mabanda na viongozi hapakosi anayetaka muziki wa wageni kuingilia. Krismasi ni ya makanisa. Kisha Januari hadi Aprili ni ukame, tena ukame wa mvua: mashamba yanafanyiwa palizi, Wakatoliki wako kwenye Kwaresima, hakuna anayefunga ndoa.

Kwa hiyo mpiga fidla wa huku hana mshahara wa mwezi, ana mavuno. Mavuno yanawekwa ghalani. Mimi hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo Agosti, mwenye nyumba akifurahi na mimi nikiwa sina tena cha kuchezea. Miezi ya mvua ni ya wanafunzi, ya kurekebisha chombo, na ya kupiga yale mazoezi ya vidole unayoyakwepa. Mwaka ambao bei ya pamba imeanguka, punguza matumaini mapema. Harusi zitakuwepo, ila fidla ndiyo itakayokatwa kwenye bajeti kabla ya keki.

7. Ingia kwenye bajeti ya kamati kabla ya kikao cha mwisho

Harusi haikodi mtu, kamati ndiyo inayokodi. Mjue mwenyekiti, lakini mpende mhazini. Kama jina lako halijasomwa pamoja na ukumbi, mapambo, MC na mpiga picha kwenye kikao cha kati, mwishoni utaambiwa kwa upole, "Mwalimu, wewe ni wa nyumbani, hii ihesabu kama mchango wako." Mchango ni jambo jema. Andika mchango wako kwenye kadi kama wengine wote, ulipe, halafu udai ujira wako.

Nusu mbele siku ya makubaliano, nusu kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Baada ya maharusi kuingia hakuna anayekukumbuka hadi Jumatatu. Na ukitumiwa kwa simu, sema mapema: "na ya kutolea". Ni maneno matatu, lakini kwa mwaka mzima yamelingana na bei ya nyuzi.

Kanisani ni tofauti. Kwaya zetu nyingi hazilipi, na sitakuambia ugome. Kwaya ndiyo kibao chako cha matangazo, na kila harusi niliyoipata ilikuwa na mwanakwaya ndani yake. Ila wakisafiri kwenda kurekodi albamu au tamasha la nje, nauli na chakula chako viwe vya kwaya, na muulize mwalimu mbele ya katibu, siyo pembeni.

8. Umeme ukikatika, simama

DJ ana spika nne na jenereta linalogoma. Wewe una sanduku la mbao. Nilikuwa kwenye send-off moja mjini, giza likaingia, MC akawa anapiga kelele mikono mdomoni kama mchunga ng'ombe. Nikasogea katikati ya meza, nikapiga wimbo wa kanisa ambao kila mtu anaujua. Meza ya akina mama ikaanza kuimba, nyingine zikafuata, simu zikawashwa tochi. Umeme uliporudi DJ alisubiri tumalize. Malipo ya usiku ule yaliongezwa na baba wa binti mwenyewe, pesa taslimu, ndani ya leso.

Umeme ukiwepo, fika mapema uongee na mtu wa mitambo kabla hajashiba. Kipaza sauti kiwe juu ya fidla, kimeinamia kidaraja, kiasi cha shibiri moja na nusu, na usisimame mbele ya spika, la sivyo itapiga yowe.

9. Mtazamaji ana miguu

Usukumani kuna vyama viwili vikongwe vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na wapinzani wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kundi hili huku na lile kule, na watu huhama. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna majaji wenye kalamu. Ndiyo maana wachezaji wana nyoka, wana majembe ya bugobogobo yanayorushwa hewani, wana kila mbinu ya kumzuia mtu asigeuze shingo.

Nenda ukatazame kabla hujapanga nyimbo zako. Nilipofika huku nilikuwa na vipande virefu vya Bach, nikapiga nimefumba macho, nilipofumbua nikakuta watoto wawili na mbwa. Bach hana kosa. Siku hizi huanza na wimbo wanaoujua, katikati naingiza Bach dakika mbili bila kumtangaza, kisha narudi kwa wanaoujua. Mara kwa mara mtu huja kuniuliza, "Ile ya katikati ni ya kwaya gani?"

10. Jembe na fidla haviishi mkono mmoja

Wengi wetu tuna ekari mbili tatu. Palizi huleta malengelenge, na kuchuma pamba ni kubaya zaidi, kwa sababu maganda yake makavu huchoma ncha za vidole, palepale panapobonyeza waya. Ukiwa na harusi Jumamosi, mwisho wa kuchuma ni Jumatano. Mwambie mama mkwe mapema, tena kwa heshima, maana ataona ni uvivu tu.

11. Kibanio cha nguo

Ukitaka kufanya mazoezi usiku na chumba cha pili kuna mtoto mchanga, bana kidaraja kwa kibanio cha kuanikia nguo. Sauti inazama nusu. Cha mbao ni bora kuliko cha plastiki.

12. Mwanafunzi bila fidla bado ni mwanafunzi

Wazazi watakuletea watoto watano, fidla ni moja, tena ya mtu mzima. Usiwarudishe. Miezi miwili ya kwanza ni ya kupiga makofi kwa mapigo, kuimba solfa, na kushika upinde wa kijiti cha mtama. Kule Venezuela, mradi wa El Sistema huwaanzishia watoto vyombo vya makaratasi kabla ya vyombo vya kweli. Nairobi, Ghetto Classics ilianza 2008 ndani ya Korogocho, na vijana wake leo wanakaa kwenye okestra. Hakuna kati yao aliyesubiri duka la fidla lifunguliwe mtaani kwao.

Malipo yatakuja kwa sura nyingi. Nimepokea kuku, debe la choroko na matofali. Yapokee, lakini andika kwenye daftari.

Na anayeonyesha kipaji kweli, mwambie njia mapema: chuo cha Bagamoyo, TaSUBa, Idara ya Sanaa Bunifu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya muziki Makumira, nje ya Arusha. Mzazi wa Kisukuma atauza ng'ombe kwa ajili ya chuo chenye jina. Kwa ajili ya "kipaji" hatauza hata mbuzi.

13. Nenda Unguja angalau mara moja

Huko fidla si mgeni. Ikhwani Safaa imekuwapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na kwenye taarab fidla kadhaa hukaa mstari mmoja na udi, kanuni na akodiani, zikivuta wimbo kwa pamoja huku kila mpigaji akiupamba kwa namna yake. Kuna chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, tangu 2002, Mji Mkongwe. Ukipata Februari, kuna tamasha la Sauti za Busara. Mtu aliyefundishwa kufuata noti atakaa pale siku ya kwanza akidhani wanakosea, siku ya tatu ataanza kuona haya.

Utasikia pia kwamba wapigaji wa mtindo wa Misri hawafungi nyuzi kama sisi. Hushusha A ikawa G, na E ikawa D, yaani G, D, G, D, ili waya mbili ziitikiane na vidole vipate pa kuteleza. Jaribu nyumbani, usiku, na kibanio chako. Ni kama kuingia chumba chako mwenyewe kwa mlango ambao hukujua upo.

Ila kabla ya mazoezi ya kwaya ya Alhamisi, zirudishe. Mimi nilisahau, nikakaa kitini, nikainua upinde, na mwalimu akatangaza doh: A fleti.